Miaka Mitano ya Ziada

Katikati ya kioo cha simu palikuwa na duara la rangi ya machungwa, na ndani ya duara namba 52. Chini yake, kwa herufi ndogo, yaliandikwa maneno "umri wako wa kibayolojia", na chini zaidi, kwa herufi ndogo kuliko hizo, umri wake wa kalenda: 47. Rafiki yangu aliisukuma simu upande wangu wa meza ili nisome mwenyewe, akangoja nimalize, kisha akaniuliza kama mtu aliyesomewa mashtaka: "Sasa, ndugu yangu, nimefanya nini?"

Ripoti ilikuwa na majibu yake tayari. Lala vya kutosha. Fanya mazoezi. Punguza msongo. Rudia kipimo baada ya miezi sita, kwa malipo.

Huyu ni mtu asiyevuta sigara, anayetembea sana, asiye na pombe ya kusemea. Usingizi wake ndio umeharibika, kwa kuwa anamuuguza mama yake, na mgonjwa wa usiku hamwachi mtu alale. Sikuwa na la kumjibu siku ile, ila swali lake lilinifuata nyumbani, likanikalia kichwani kwa wiki kadhaa, na nikajikuta nasoma tafiti ambazo sikuwa na mpango wa kuzisoma.

## Makosa ya saa ndiyo habari yenyewe

Vipimo vingi vya aina hii, ambavyo huitwa saa kwa kuwa hukadiria mwili umezeeka kwa kiasi gani, husoma alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, ambazo hubandikwa juu ya DNA na kubanduliwa kadiri seli inavyoishi. Mpangilio wa alama hizo hubadilika na umri kwa namna inayoweza kutabirika. Mwaka 2013 Steve Horvath, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alionyesha kwamba kwa kusoma sehemu 353 tu za DNA mtu anaweza kukadiria umri wa mwenye sampuli, iwe ni ya damu, ya ini au ya ubongo, na kukosea kwa takriban miaka 3.6.

Hapo ndipo nilipokwama kwa mara ya kwanza.

Saa inayotaja umri wako bila kukosea hata siku moja haina jipya la kukuambia, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinafanya kazi hiyo hiyo bure. Thamani yake, kama ipo, imo katika makosa yake: je, mtu ambaye saa inamzidishia miaka huugua zaidi kuliko wenzake, au hufa mapema? Kwa saa za kwanza jibu lilikuwa ndiyo, lakini ndiyo dhaifu. Kwa hiyo watafiti waliacha kuifundisha saa kukisia tarehe ya kuzaliwa, wakaanza kuifundisha kukisia afya na kifo. Saa iitwayo PhenoAge, ya mwaka 2018, ilijengwa juu ya vipimo vya damu ambavyo daktari yeyote anavifahamu, vikiwemo albumini, kreatinini na sukari. GrimAge, iliyofuata mwaka 2019, ilitumia methili kukisia viwango vya protini kadhaa katika damu, pamoja na kiasi cha sigara ambacho mtu amevuta maishani.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye hilo la sigara. Tunapoambiwa kwamba wavutaji huonekana wazee zaidi wakipimwa kwa GrimAge, tunaambiwa kwa sehemu jambo ambalo saa ilifundishwa tangu mwanzo. Ni kama mwalimu kuwasifu wanafunzi kwa kujibu swali ambalo jibu lake aliliandika mwenyewe ubaoni. Haimaanishi kwamba sigara haizeeshi. Inamaanisha kwamba ushahidi wa sigara lazima utafutwe kwingine, na nitaufikia.

## Watoto wa Dunedin

Utafiti ulionivutia kuliko yote katika eneo hili haukuanza na uzee hata kidogo. Ulianza na watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 katika mji wa Dunedin, New Zealand, ambao wamekuwa wakiitwa na kupimwa tena na tena hadi utu uzima wao. Mwaka 2015 watafiti walichapisha hesabu iliyotokana na vipimo vya figo, ini, mapafu, meno, mafuta ya damu na vingine, walivyovichukua wakati watu hao wakiwa na miaka 26, 32 na 38. Wote walikuwa na umri mmoja wa kalenda. Umri wao wa kibayolojia wakiwa na miaka 38 ulianzia 28 na kufika 61.

Watafiti hawakuishia kwenye maabara. Walichukua picha za nyuso za washiriki wakawaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu wasiowafahamu, wakawaomba wakisie umri wa kila mmoja. Wale ambao viungo vyao vilikuwa vinachakaa haraka ndio ambao wanafunzi waliwaona wazee. Walikuwa pia dhaifu zaidi katika kubana kitu kwa mkono na katika kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba.

Kutokana na kundi hilo ilizaliwa saa nyingine, DunedinPACE, iliyotangazwa mwaka 2022, ambayo haitaji umri bali kasi: kwa kila mwaka mmoja wa kalenda, mwili huu umezeeka kwa kiasi gani. Naipenda zaidi kuliko zile za kutaja umri, kwa sababu kasi ni jambo linaloweza kubadilika kesho, wakati miaka 52 ndani ya duara husomeka kama deni ambalo limekwisha kuiva.

## Tone moja la damu

Sasa nije kwenye ripoti ya rafiki yangu yenyewe, kwa sababu kabla ya kumtafutia kosa ilinibidi kuuliza kama namba ile ina uzito wa kutosha kubeba mashtaka.

Mwaka 2022 kundi la watafiti lilichapisha uchunguzi wa jambo ambalo ungedhani lingekuwa la kwanza kuchunguzwa: ukichukua sampuli moja ya damu ukaigawa mara mbili, ukaipima kila sehemu kwa saa ile ile, je, majibu yatafanana? Katika saa kadhaa mashuhuri walizozijaribu, tofauti kati ya nusu hizo mbili ilifika hadi miaka tisa. Mtu yule yule, mkono ule ule, sindano ile ile. Watafiti hao hao walibuni njia ya kihesabu ya kupunguza kelele hiyo, yaani tofauti zinazotokana na kipimo chenyewe, na inasaidia sana, lakini mteja anayepokea duara la rangi ya machungwa hana namna ya kujua ripoti yake ilitoka upande gani wa uboreshaji huo.

Kuna na la siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Cell Metabolism ulifuatilia wazee waliofanyiwa upasuaji wa dharura baada ya kuvunjika nyonga, ukakuta kwamba umri wao wa kibayolojia ulipanda asubuhi iliyofuata, kisha ukarudi ulikokuwa katika muda wa siku nne hadi saba. Wajawazito na wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 nao walionyesha kupanda na kushuka kwa namna hiyo. Mwili unaweza, basi, kuzeeka na kurudi nyuma ndani ya wiki moja kwa kadiri ya kile kinachopimwa.

Nilimwambia rafiki yangu hayo kwa simu. Alinyamaza, halafu akauliza kama ingekuwa bora apimwe siku ambayo mama yake amelala usiku kucha. Sikujua kama anatania.

Miaka mitano, kwa kipimo ambacho kinaweza kutofautiana na nafsi yake kwa miaka mitano au zaidi, haimhukumu mtu. Ila tafiti zile zile zinazotumia saa hizo kwa maelfu ya watu zina maana, kwa sababu kelele za mmoja mmoja hufutana zinapojumlishwa. Chombo kile kile kinafaa kwa umati na hakimfai Fulani binti Fulani anayetaka kujua kuhusu mwili wake. Ni tofauti ambayo wauzaji wa vipimo hawana haraka ya kuieleza.

## Kondakta na dereva

Kelele ikishatolewa, kinabaki kisa kigumu zaidi, nacho ni cha zamani.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa zamu nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi mchana kutwa wakikata tiketi. Mwajiri wao alikuwa mmoja na barabara zao zilikuwa zile zile, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi, na walipougua, hawakufa haraka kama madereva. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa kisayansi kwamba kusogeza mwili kunaulinda moyo, na hadi leo hautajwi bila heshima.

Kinachotajwa mara chache ni kilichofuata. Mwaka 1956 Morris mwenyewe alirudi na daftari za sare. Kampuni ilikuwa imehifadhi vipimo vya suruali za wafanyakazi wote, na ilionekana kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta katika kila rika, hata miongoni mwa vijana. Je, kiti cha dereva ndicho kilichowanenepesha, au watu wa mwili fulani ndio waliovutwa na kazi ya kukaa tangu mwanzo? Mtu aliyeanzisha hoja alikuwa wa kwanza kuitilia shaka hadharani, na kwangu hilo ni la kupendeza kuliko hoja yenyewe.

Shaka hiyo inazikumba karibu tafiti zote za tabia na uzee. Anayelala saa nane na kula mboga kila siku huenda ana kipato kizuri, kazi isiyo ya zamu na nyumba tulivu; ukipima damu yake, unapima hayo yote kwa pamoja. Ndiyo maana, baada ya makondakta, nilianza kutafuta mahali ambapo mtu hakuchagua tabia yake, bali alipewa.

## Wiki tatu kitandani

Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wenye afya, wa miaka 20, walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu mfululizo. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi makali, ambao ni kipimo bora cha nguvu ya moyo na mapafu, ulishuka kwa zaidi ya robo.

Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta wale wale watano. Wote walipatikana hai. Walikuwa wamefika miaka 50, na uzito wao wa wastani ulikuwa umepanda kutoka kilo 77 hadi 100. Uwezo wao wa oksijeni ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 11 tu tangu ujana. Maana yake ni kwamba wiki tatu za kulala zilikuwa zimewadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuishi. Kisha wakaanzishiwa mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, yaliyoongezwa hatua kwa hatua kwa miezi sita, na mwisho wake uwezo huo ulirudi pale ulipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla ya kitanda.

Ni watu watano tu, wote wanaume. Najua. Lakini hapa hakuna kondakta aliyejichagulia kazi: mtu yule yule alilinganishwa na nafsi yake, akalazwa kwa amri na akainuliwa kwa amri. Nilipomaliza kusoma niliamini, kwa mara ya kwanza tangu swali la rafiki yangu, kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa miaka ya kati ni kutotumika, na kwamba sehemu hiyo hurudishika.

Kuhusu sigara sina mengi, kwa sababu jambo hilo limekwisha thibitishwa kwa njia isiyohitaji saa yoyote. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951 kwa nusu karne. Waliovuta maisha yao yote walikufa takriban miaka kumi mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 walijipatia miaka mitatu, wa 50 sita, wa 40 tisa, na wa 30 karibu yote kumi. Hakuna chakula, kidonge wala mtindo wa usingizi wenye takwimu zinazokaribia hizo.

## Hata wenye wasaidizi

Kula kidogo ni suala jingine, kwa kuwa tangu miaka ya 1930 imejulikana kwamba panya wanaopunguziwa chakula huishi muda mrefu zaidi. Kwa binadamu jaribio kubwa lilikuwa CALERIE, la Marekani, lililogawa kwa bahati nasibu watu wazima 220 wasio wanene kupindukia: baadhi waendelee kula kama kawaida, na wengine wapunguze nishati ya chakula kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Matokeo ya methili yalitolewa mwaka 2023. Kasi ya kuzeeka kwa kipimo cha DunedinPACE ilipungua kwa asilimia 2 hadi 3. PhenoAge na GrimAge hazikuonyesha badiliko lolote la maana.

Damu ni ile ile, saa ni tatu, na mbili hazikuona kitu. Mtu anaweza kuandika kichwa cha habari cha furaha au cha huzuni kwa kuchagua saa.

Lakini namba iliyonishtua ni nyingine, na haihusu methili. Washiriki walilengwa kupunguza asilimia 25, wakafanikiwa kupunguza takriban 12. Hawa walikuwa watu waliojitolea, wenye afya, waliopewa wataalamu wa lishe na washauri wa kuwafuatilia kwa miaka miwili, na bado walifika nusu ya safari. Niliirudia sentensi hiyo, nikarudi kwa makondakta na kwa vijana wa Dallas, na ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote: katika tafiti hizi, tabia iliyobadilisha mwili mara nyingi ilitoka nje ya mwenye mwili. Ngazi zilikuwa za basi. Kitanda kilikuwa cha maabara, na mazoezi yalikuwa na msimamizi. Pale nia ilipoachiwa sehemu kubwa ya kazi, hata ikiwa na washauri pembeni, ilifika nusu.

Madaktari wa Doll wanapingana nami kidogo, kwa kuwa wengi wao waliacha sigara bila kusimamiwa na yeyote. Ila nao walikuwa wamesoma ushahidi kabla ya umma, na kazi yao ilikuwa kuwatazama wagonjwa.

Kuna na wale watumishi wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa kuanzia 1967 katika utafiti wa Whitehall, ambao Michael Marmot aliufanya ujulikane. Hakuna aliyekuwa fukara miongoni mwao. Wote walikuwa na ajira ya ofisini na mshahara wa uhakika. Hata hivyo, wanaume wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wale wa ngazi ya juu kabisa, na sigara, shinikizo la damu na mambo mengine yaliyozoeleka vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Kila ngazi ilikuwa na vifo vingi kuliko iliyo juu yake.

Nikiwa na hayo mkononi, orodha ya ripoti ile ilianza kuniudhi. "Lala vya kutosha" ni agizo analopewa mtu anayeamka mara nne usiku kumgeuza mgonjwa. Usingizi wake si tabia kwa maana ya kitu alichokichagua akazoea. Ni matokeo ya kukosa mtu wa kupokezana naye. Kama miaka mitano ile ni ya kweli, na siamini kwamba kipimo kimoja kinatosha kusema hivyo, basi inayomfaa zaidi ni zamu ya ndugu mwingine kuliko mawaidha yoyote.

## Wazee wa miaka tisini

Utafiti wa mwisho niutaje, kwa sababu ndio uliobaki nami. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafundisha watu kumi wanaoishi katika makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kunyanyua uzito kwa miguu. Hawakupewa vinyanyuzi vya kubembeleza. Walipandishwa hadi asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kuunyanyua mara moja. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu ya waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia fimbo ya kutembelea.

Katika umri huo, ambapo wengi wetu tungemfunika bibi blanketi na kumwambia apumzike, misuli ilikuwa bado inaitikia.

Kisha mazoezi yakakoma. Katika wiki nne zilizofuata, walipoteza asilimia 32 ya nguvu hizo. Utafiti kwa kawaida una bajeti na tarehe ya mwisho, na msimamizi huondoka na karatasi zake wakati mshiriki anabaki katika makao yale yale, yenye ratiba ile ile ya kukaa. Fedha zinazotumika leo kuwauzia watu wenye afya namba ndani ya duara, mimi ningezielekeza kwenye mishahara ya wasimamizi wa aina ile, mara tatu kwa wiki, bila tarehe ya mwisho, na nisingehitaji kupima methili ya mtu yeyote ili kujua kama zimefanya kazi.